Nyekundu Haina Mti

Mwalimu wa darasa la pili alikuja na daftari hadi kizingitini.
Mfaume amechora mkorosho:
shina kijani, majani kahawia,
na mabibo yamezama ndani ya majani
hata uyatafute kwa kidole.
"Mama Mfaume, mwanao ana mzaha."
Nikaafiki. Nikamfinya sikio
mbele ya mwalimu, ili nionekane mzazi.

Kumbe hata ile kalamu nyekundu iliyomsahihisha
aliiona nyeusi kama ya kwake.
Miaka miwili alidhani hakosei.

Ndanda, hospitalini, walimfungulia kitabu cha madoa.
Mimi niliyekaa nyuma niliona sabini na nne,
imesimama wazi kama namba ya nyumba.
"Unaona nini, kijana?"
"Dengu," akasema. "Zimemwagika."
Daktari hakucheka. Akanigeukia mimi.
Si upofu, alisema. Haina dawa, wala haizidi.
Mara nyingi mama huibeba asiione,
akamkabidhi mtoto wa kiume.
"Una kaka, mama?"

Ninaye. Chilumba, yuko Kitangari.
Sisi huku mtoto ni wa mjomba,
ukoo unapita tumboni mwa mwanamke
kama maji yapitavyo chini ya mchanga.
Nilijua Mfaume ataachiwa mikorosho ya Mnyambe.
Sikujua upo urithi mwingine
uliokwisha pita, bila kikao, bila shahidi.

Nikaikumbuka kanga.
Siku natoka unyagoni nilitaka nyekundu.
Chilumba alitembea hadi Newala mjini na pesa ya korosho zake,
akarudi na kijani.
Akanitandia mabegani, watu wanatazama:
"Nyekundu yako hiyo."
Nililia. Mama mdogo akamwita bahili,
amefuata ya bei ya chini akaongeza na uongo juu.
Hakujibu. Alishika pindo, akaligeuza, akaligeuza.
Tangu hapo hajaninunulia nguo.
Huniletea sukari.

Mfaume nilimfundisha rangi kwa vitu, jioni, tukipukuchua kunde.
Kijivu ni jivu la mafiga.
Kahawia, kahawa ya babu yako.
Zambarau umeipanda mara ngapi nyuma ya msikiti?
Chungwa, chungwa. Manjano ipo kwenye kopo jikoni,
na njano unaijua, ndiyo salfa tunayopuliza mwezi wa sita.
Kijani ni jani tu, jani dogo.
Nikafurahi: lugha ilishamwekea akiba
kabla hajazaliwa.

"Na nyekundu, mama, ni kitu gani?"

Nikanyamaza. Nyekundu haina mti.
Haina hata nguo moja ya kukaa nayo:
shati jekundu, kitambaa chekundu,
udongo mwekundu, maua mekundu,
kila mlango inaobisha inabadili jina.
"Basi hata nyinyi hamjui," akasema,
na kucheka kwake kukanitoa mwiba
ambao sikumbuki uliingia lini.

Mwezi wa kumi alinishangaza shambani.
Binamu zake walitembea wakitazama juu,
wakihesabu yaliyoiva kwa macho.
Yeye alisimama kimya. Pu! Akaenda.
Pu! Akaenda.
Korosho hatuchumi, tunaokota;
bibo likiwa tayari linashuka lenyewe, na harufu yake mbele.
Ndoo yake ilijaa wao wangali wanabishana
lile pale limeiva au bado.
Sisemi ni karama. Jana tu
amekula pilipili akidhani ni mbichi, haiwashi.

Jumapili nilifungua sanduku.
Kanga ile bado ina mikunjo ya siku ile.
Nikajifunga, nikaenda Kitangari.
Chilumba alikuwa anaanika korosho uani.
Akanitazama, akaitazama,
akaogopa kutaja.
"Umevaa ya rangi gani, Somoe?"
"Ile uliyoninunulia," nikamwambia.
Aliinamia jamvi tena, muda mrefu,
mkono mmoja ukinisogezea kigoda.