Kila Ijumaa

Bi Noreen Dunphy aliingia saa tatu kasoro,
mvua ya Hockley ingali mabegani,
akaweka juu ya kaunta kitu kilichofungwa kwa taulo la jikoni
kama mtu aletaye samaki.

Kibao. Shaba ya manjano,
urefu wa mkono hadi kiwiko,
king'aavyo unaogopa kukigusa.
Herufi hazikuwapo.
Nikainamisha taa, nikakilaza ubavu,
ndipo zikajitokeza, hafifu,
kama maandishi ya kidole kwenye kioo cha bafu kilichokwisha kukauka:
Pargeter na Lowe, Mawakili.

"Miaka thelathini na moja," akasema,
"kila Ijumaa kabla hawajafika.
Dawa ya shaba, kipande cha fulana kuukuu.
Hesabu mwenyewe."
Nikahesabu. Mara elfu moja mia sita na kumi na mbili,
ukiondoa likizo.
"Ijumaa sikuwahi kuchukua likizo."

Kwetu husemwa bandu bandu huisha gogo.
Nikamtafsiria, vibaya.
"Gogo lenyewe lilikuwa Bwana Lowe," akajibu,
"na hata yeye aliisha taratibu."

Ofisi ilimtuma achague kipya.
Sharti moja, limepigwa chapa kwenye karatasi:
kisichohitaji kusuguliwa.

Nikapanga sampuli, vipande saba vya ukubwa wa biskuti,
huku nikijiimbia moyoni ubeti niliojitungia
ambao hapa Birmingham sina wa kumsomea:

    Kioo kina fahari,
    lakini hutunza dole;
    msasa huficha siri,
    kovu lake usiole.

Hakugusa kwa ncha za vidole kama wateja wengine.
Alitumia mgongo wa mkono,
kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Alumini nyeusi: "Gari la maiti."
Kilichopigwa mchanga: "Kimepauka. Kimelala vibaya?"
Rangi ya kuoka, akaikwaruza kwa ufunguo wake
kabla sijamzuia. "Unaona?" Nikaona.
Shaba yenye vanishi akaishika kwa muda mrefu zaidi,
akaigeuza, akainusa hata.
"Hiki kimefungwa mdomo," akasema.
Nikamwambia kweli: siku moja vanishi hupasuka,
unyevu hupenya chini yake,
na doa likishaingia humo
hakuna kitambaa kinacholifikia.

Kikabaki chuma kisichoshika kutu,
kilichopitishwa msasa mwelekeo mmoja,
kijivu, kitulivu, hakimdai mtu chochote.
"Mlango wa friji," akasema.
Akatia sahihi hapo hapo.

Hakulia, usinielewe vibaya.
Aliuliza bei ya skrubu.

Kisha akakisukuma kile cha zamani kuelekea kwangu.
Wamesema kiende chakavuni, kwa kilo.
Nikakipindua ili nikipime
na sote wawili tukanyamaza:
mgongo wake ulikuwa mweusi kama sufuria,
una mikwaruzo ya tupa ya mtu asiyejulikana,
unene wote ungalipo.
Miaka thelathini na moja ukitazama ukuta.

"Huku unaweza kuchonga?"
Naweza.
Akafungua pochi, yake, si ya ofisi,
akahesabu noti, kisha sarafu.
Hakutaka jina. Alitaka kumi na nne,
namba ya mlango wake, ghorofa ya tatu,
ambapo sasa kuna stika mbili, moja imebanduka.

"Nikupigie vanishi?"
"Thubutu!"

Nilipofunga duka nikarudi kwenye mashine,
nikaiteremsha sindano nusu milimita
chini zaidi ya alicholipia.
Itachukua Ijumaa nyingi kuifikia.

Na kile cha chuma nikakizungushia karatasi.
Kwenye kona, karibu na tundu la skrubu,
kilikuwa na alama ya dole gumba langu.
Niliiona.
Nikaiacha.