Noti

Mwalimu Lusweti ameandika neno moja tu ubaoni,
noti,
kisha akageuka: Hili linatembea na nani?
Kwenye Kiingereza, asema, neno halilali peke yake.
Tumecheka. Darasa la jioni, ukumbi wa Makongeni,
sote watu wazima, funguo za maduka mifukoni.

Noti ya juu. Noti ya chini.
Kuishika noti. Kuipata. Kuikosa.
Mutheu wa saluni anazinakili kwa wino mwekundu.
Mimi kalamu imenigandia mkononi,
kwa kuwa hizo zote nazijua.

Tangu saa mbili asubuhi niko dirishani, Barabara ya Kirinyaga,
watu wakinunua beringi na mikanda ya injini,
na mimi nashika noti
hadi vidole vinuke grisi.
Ya juu ni elfu. Ya chini ni hamsini,
mara nyingi imelegea kama kitambaa cha kufutia meza.
Niliwahi kupokea ya uongo:
nikaiinua kwenye mwanga, simba hakuwamo.
Mwenye duka akaikata kwenye mshahara wangu,
na mpaka leo akinipita hupiga mluzi.

Noti ya uongo, asema mwalimu,
ni ile isiyokubaliana na wimbo.
Ndiyo hiyo hiyo, mwalimu.

Halafu kuna hili: wenzetu muziki wanaucheza.
Kinanda wanakicheza, ngoma wanaicheza, hata filimbi.
Sisi ni kupiga tu:
tunapiga zeze, tunapiga simu, pasi, magoti, foleni.
Kwa hiyo nyinyi hamchezi? auliza, akitabasamu.
Tunacheza, amjibu Wafubwa, fundi wa redio,
ila lazima kwanza mtu apige.

Kengele imekaribia. Bado moja, asema.
Kuacha noti.
Hapo si pesa, wala si sauti.
Ni kijikaratasi unachomwachia mtu mezani.

Ukumbi umenyamaza, au ni mimi.

Nilikuwa darasa la sita.
Chini ya mkebe wa sukari baba aliacha moja,
imekunjwa mara nne, hata mama akadhani ni pesa.
Mama hakusoma. Baba alilijua hilo.
Akanipa mimi.
*Nimekwenda Kitale, msinitafute. Sukari imeisha.*
Nikamsomea sentensi ya pili tu.
Akachukua kikombe akaenda kukopa kwa jirani.

Nimeiandika hiyo, ya mwisho, peke yake kwenye ukurasa.

Jumapili nasimama safu ya alto.
Kiongozi wa kwaya huinua mkono wazi,
nasi twaishika noti ya mwisho mpaka akunje ngumi.
Mama hukaa benchi la tatu, karibu na mlango.
Ngumi hukunjwa, wenzangu huvuta pumzi,
na mimi bado ninayo,
kiongozi akinikazia macho.