Mkwaju wa Mpangaji

Mkataba ulikuwa karatasi mbili, wino wa bluu.
Kifungu cha saba: mpangaji asipande mti wa kudumu.
Vifungu vingine Bi Mwanahija aliniachia nisome mwenyewe,
hicho alinisomea kwa sauti.
"Mchicha panda. Mnanaa panda.
Ila mti, mwanangu, mti ni hati.
Ukishika mizizi, kesho mtu anakuja na mashahidi."

Nikatia sahihi. Nikalipa miezi sita.

Kokwa ilitoka kwenye machicha ya juisi,
ukwaju niliouchuja Ramadhani ile ya joto, Magomeni.
Ikaota kwenye mfereji wa jikoni,
vijani viwili viwili,
kama watoto walioambiwa washikane mikono.
Ningeung'oa ule mche. Mkono ulishashuka.
Nikauhamishia kwenye kopo la rangi,
matundu matatu ya msumari kitakoni.

Sasa una miaka kumi na tisa
na haunifiki gotini.

Kila mwaka, kabla ya masika, nautoa chunguni,
nauchana mizizi kwa uma uliopinda,
nakata theluthi. Mara ya kwanza nililia.
Waya wa shaba nanunua kwa Nkwabi, fundi mota wa Gerezani.
Ananipimia kwa mizani ya dhahabu, ananiuliza
mti umenikosea nini.
Namwambia: tawi hili linataka kwenda juu,
na juu kuna dari ya mtu.

Tumehama wote. Magomeni, Tabata,
Kigogo kwenye chumba kilichoingia maji
(nilitoa mti kwanza, godoro baadaye),
sasa Buguruni, barazani, juu ya matofali mawili.
Kirikuu kikishapakiwa, wenyewe hukaa mapajani pangu.
"Hiyo pilipili, mama?" dereva huuliza.
Nasema ndiyo. Safari ni fupi.

Siku za mgao unakunywa maji niliyooshea mchele.

Jambo moja sikuufundisha, wala mkasi haukulifikia:
jua likizama hukunja majani, yote, mpaka asubuhi,
sawasawa na mikwaju mikubwa
iliyosimama kwenye ardhi za wenyewe.

Mwaka huu umechanua. Ua la njano, mishipa myekundu.
Ukazaa ukwaju mmoja, mrefu kuliko tawi lake,
mti mzima ukalala upande.
Nikauegemeza kwa kijiti cha mshikaki.

Shomvi, mwenye nyumba wa sasa, kijana mwenye funguo nyingi,
alikuja kuulizia kodi, akachuchumaa.
"Huu unakua mpaka wapi?"
"Mpaka mkataba uishe."
Akacheka. Nami nikacheka.

Alipotoka nikauvunja ule ukwaju.
Nyama nikailamba, chachu mpaka jicho likafumba.
Kokwa nne. Nimezifunga pindoni mwa kanga.

Nyuma ya ukuta, upande wa reli,
kuna kipande cha ardhi.
Sijauliza ni cha nani.