Koti la Orville

Mvua ya Juni imelowesha Saskatchewan,
ngano ingali fupi, haijafika goti.
Bi Dorcas Wiebe amefungua kanisa alfajiri,
amepiga deki, amegombana na bomba la jikoni,
amefunga kwenye mimbari utepe wa upinde wa mvua.
Ukaanguka.
Akaufunga tena, fundo la gunia la viazi.

Askofu aliingia kiatu kimejaa maji,
fimbo mkono huu, mkono huu sahani ya keki.
"Kaoka mume wangu," alisema mlangoni,
kama mtu anayetaja mtaa anakokaa.
Mumewe, Anselm, alikuwa nyuma akikunja mwavuli,
akikunja tena mwavuli uliokwisha kukunjwa.
Makanisa anayajua. Na milango yake.

Hiyo ndiyo Jumapili yetu ya Fahari ya kwanza.
Kinanda kilikosea palepale kinapokosea siku zote.
Vijana watatu kutoka Regina walilia waziwazi,
hakuna aliyewanyamazisha.
Mahubiri siyakumbuki.

Namkumbuka Orville.
Miaka kumi na mmoja benchi lilelile,
na koti lake limelazwa pembeni,
pale alipokuwa akikaa marehemu mkewe.
Halisogezwi koti lile, hata Krismasi watu wakisimama.

Wakati wa kupeana amani hakutoa mkono.
Alimtazama Anselm, kaegemea ukuta kama ufagio.
Akakohoa.
Akalichukua koti, akalipakata.

Anselm akaketi, taratibu,
juu ya ubao uliokuwa bado una joto la sufu.