Sentimita Nne

Siku ya uzinduzi mkasi ulikuwa butu,
diwani akakata utepe mara tatu
na kusema: njia hii ni ya wote.
Nilikuwa nyuma ya spika,
sikio la kushoto likavuma mpaka Jumatano.

Ya wote. Kilomita moja na robo kando ya Mto Ng'ombe,
matofali ya kijivu, taa za sola,
mabenchi ambayo Bi Mwanahija aliyajaribu kwa kiuno chake
akayapitisha.
Na pale mwanzo, kuzuia bodaboda,
vyuma vitatu, rangi nyekundu na nyeupe.

Kati ya chuma na chuma: sentimita sabini.
Kiti changu, ukingo wa gurudumu mpaka ukingo, sabini na nne.
Kilichomelewa na fundi Ndunguru wa Manzese
kwa mabomba ya kitanda cha hospitali;
hakuwa na mwongozo, alikuwa na mimi.

Wenzangu wakaingia.
Klabu ya jogingi, fulana za njano.
Athumani na fimbo yake nyeupe, ti, ti, akapita ubavu.
Mbuzi wa jirani akapita.
Bodaboda naye, wallahi, akapinda usukani, akapita.
Tukabaki mimi na ile "ya wote".

Barua ya kwanza manispaa: imepokelewa.
Ya pili: imepokelewa, muhuri wa zambarau.
Ya tatu nikaipeleka mwenyewe.
Ofisi iko ghorofa ya pili, lifti inasubiri fundi.
Nikakaa chini ya ngazi nikatafuna karanga
mpaka Injinia Rwegoshora aliposhuka vidato thelathini na kimoja
kuja kusoma barua aliyokwisha kuisoma.
"Mwongozo unasema," akaanza.
Mwongozo haujapita pale, nikamwambia.
Njoo Jumamosi na futi kamba yako.

Akaja.
Akapima vyuma, akapima kiti, akanyamaza.
Akapima tena, kama mtu anayehesabu chenji
akitumaini imeongezeka.
Kisha akaniomba kiti.

Nikahamia benchi.
Mtu mzima, digrii mbili, magoti yamempanda kifuani,
akajisukuma mpaka kwenye vyuma. Gwa!
Akarudi nyuma. Gwa!
Watoto wakacheka. Mimi sikucheka.
Nilicheka kidogo.

"Mking'oa hicho," akasema Chambuso juu ya pikipiki yake,
"sisi tutapita tu, dada. Abiria ana haraka, na mimi nina marejesho."
Athumani akasema: pikipiki naisikia ikishanifikia.
Mtu wa jogingi akataka mstari wa rangi,
wakimbiao kulia, waendao pole kushoto.
Bi Mwanahija akauliza mstari huo
utapita juu ya karai lake la vitumbua au chini yake.
Tukabishana mpaka mafuta yakapoa.
Hakuna aliyeshinda. Injinia aliandika yote,
karatasi ilipokwisha akaandika kiganjani.

Jumanne chuma cha kati kikang'olewa.

Penye nia pana njia, tuliimbishwa darasani,
nami niliitikia kwa sauti kuliko wote.
Siku hizi naisema nikiwa kitini:
penye nia, njia pana.
Maneno ni yaleyale,
yamesogezwa kidogo tu,
kama sentimita nne hivi.

Shimo la chuma hawakulisawazisha.
Mvua za vuli zimelijaza maji,
gurudumu la kushoto hudumbukia, hutoka,
nami huingia njia ya wote na soksi moja mbichi.
Barua ya nne ninayo mkobani.

Na Chambuso bado anapita.
Huzima injini, hushuka, husukuma pikipiki yake
taratibu kama anayetembeza ng'ombe,
akiniona.
Siku nisizokuwepo, muulizeni Athumani.