Mengineyo (Taja)

Kokushubila wa chumba namba nne
amekuja na karatasi sita na kalamu yenye nembo ya chuo.
Utafiti, mama, anasema, dakika ishirini tu,
na jina lako halitatajwa.
Jina langu Mwanaheri. Litaje.

Kabla ya kampasi, kipato chako kwa mwezi?
Visanduku vinne, niweke vema kimoja.
Mwanangu, mkorosho haulipi kwa mwezi.
Unanyamaza kama mdaiwa,
halafu Oktoba unamwaga deni lote kwa mkupuo
nawe unakimbilia ndoo.
Anaandika: kipato si cha uhakika.

Walianza kuja wenye kamba na rangi nyekundu.
Mikorosho ishirini na saba, wakahesabu,
na mmoja mchanga wakauruka: huu bado haujazaa.
Bikoni wakaisimika pale nilipokuwa naanika makopa.
Kisha likaja bango, HAPA PATAJENGWA,
na wanafunzi wa kuchorwa, wanacheka,
hawana vivuli.

Bango peke yake lilitosha.
Kabla ya tofali la kwanza
kiwanja cha laki nane kikaitwa milioni sita.
Chaurembo kibanda chake cha kunyolea akakipa jina Profesa.
Duka la saruji likawa Digrii.
Siwema akakopa kikoba, akanunua mashine ya fotokopi,
akaifunika khanga kama mwali
miaka miwili,
akiifunua Ijumaa kuipangusa vumbi.

Mimi fidia yangu niliigeuza vyumba sita,
bati la msauzi, soketi mbilimbili.
Namba za milangoni niliziandika kwa chaki.
Rangi ningejidanganya.

Maana mkandarasi aliondoka, hakuaga.
Masika mawili yakapita, chumba namba nne,
hicho hicho chako,
kikalala mbuzi.
Hilo limo kwenye maswali yako?
Anapekua. Halimo.

Mkaja Novemba, mia tatu na kitu,
magodoro vichwani, mitungi ya gesi mikononi,
mkiuliza maji, mkiuliza chipsi, mkiuliza mtandao
Mwasonga nzima ikakosa usingizi kwa furaha.
Usiku ule Siwema alitoa nakala yake ya kwanza,
cheti cha kuzaliwa cha kijana wa Kasulu.
Akamtoza mia moja, kisha akamrudishia, machozi yakimtoka.
Kesho yake bei ikawa mia na hamsini.

Je, umenufaika? Sana, kiasi, kidogo, hapana.
Weka sana.
Ada ya mjukuu nailipa kabla sijadaiwa,
na samaki nala hata Jumanne.
Weka sana, sitaki kumkufuru Mungu.

Ila juzi nilikwenda kuitazama hiyo maktaba.
Langoni nikamkuta Pazi, mtoto wa dada yangu,
kofia mpya, viatu vinang'aa.
Kitambulisho, mama mdogo.
Akaona haya, akanisogezea daftari la wageni.
Jina: nikaandika.
Unatoka wapi: nikaandika, hapa.
Unakwenda kumwona nani:
pale kalamu ilinigomea.
Pazi akatazama kando, akasema, pita tu.

Swali la mwisho, mama. Mengineyo, taja.
Mstari mmoja wa nukta.

Basi andika kwamba jioni, upande wa kaskazini wa maktaba,
mnakaa juu ya zege na madaftari yenu,
na kivuli cha ukuta kinawaangukia
pale pale kilipokuwa kikianguka
cha mkorosho wa tisa.
Nilisimama, nikawaangalia mnasoma.
Sijui hilo ni faida au hasara.
Wewe ndiye unayesomea uchumi.

Akautazama ule mstari, mfupi kama kijiti.
Akaigeuza karatasi. Nyuma ilikuwa nyeupe.
Sema polepole, mama, akasema, kuanzia mkorosho wa kwanza.

Na kodi ya Desemba, nikamwambia,
hiyo usiiandike.
Hiyo ilete.