Hata Mbwa Nilimpa Jina

Kidato cha pili, Mvumi, mwezi wa vumbi.
Kidole cha mwalimu kilishuka kwenye daftari la mahudhurio,
kikawapita akina Neema, kikawapita akina Amina,
kikatua juu yangu: Sechelela Lugaila.
"Wewe soma sehemu ya ombaomba.
Lafudhi unayo tayari."
Darasa likacheka. Nami nikacheka,
maana asiyecheka hapo huchekwa mara mbili.

Nikasoma. Ukurasa wa arobaini na moja:
Mgogo akanyoosha kopo.
Basi. Hana mke, hana jembe, hana jina;
kabila ndilo jina lake, na kopo ndilo kabila.
Mwandishi, nadhani, alituonea dirishani mwa treni,
Kikombo, dakika saba,
akala yai la kuchemsha,
akaacha maganda na hukumu.

Nisidanganye. Babu alikwenda kweli.
Mwaka uwele ulipokauka ukiwa na urefu wa kidole
alipanda gari la moshi na kopo la maziwa ya unga,
akakaa miezi minne kando ya ukuta wa benki.
Bibi hakulificha. Alilisema huku akisonga ugali
kama mtu anayesema ng'ombe fulani alikufa.
Ila yeye alimalizia, kitabu hakikumalizia:
babu alirudi na debe la mbegu,
akalipanda lote, hakutafuna hata punje,
na kopo lile likawa kipimo cha majirani.
Chota moja, utarudisha mavuno yakija.

Ndipo nikaapa nitaandika.

Sasa ni mwalimu, nipo Kigwe. Usiku nawasha taa ya sola.
Nimeandika hadithi nzima ya kwetu,
watu tele, wana vidonda, wana mizaha,
wanadaiana fedha za zabibu,
wanapiga muheme huku wamenuniana.
Nikampa Gidashi aisome, bwana mifugo wetu.
Aliisoma akila karanga, polepole, mpaka kiza kikaingia,
akauliza jambo moja:
"Huyu Mang'ati anayetokea porini na mkuki,
akaswaga ng'ombe, akapotelea huko huko,
yeye anaitwa nani?"

Nikafunua kurasa. Nikafunua tena.
"Hata mbwa," akasema, "umempa jina.
Sijali. Jina zuri la mbwa."
Hakupandisha sauti.
Akakusanya maganda yake yote ya karanga,
hakuacha hata moja mezani.

Nikausikia mgongoni mto wa kiti cha treni,
na dirisha ubavuni,
na yai, bado la moto, kiganjani mwangu.

Nilichukua ufutio. Kufuta ni rahisi:
ukiuondoa mkuki unabaki mkono mtupu,
na mimi sijui mkono ule hushika nini
siku ambazo hauibi katika hadithi yangu.

Nikamwuliza, baba yako anaitwa nani?
Akacheka kidogo, kicheko cha puani.
"Hilo haliulizwi hapa ofisini.
Basi la Katesh hutoka Dodoma alfajiri.
Yupo. Anapenda wageni, hapendi maswali ya haraka."

Ukurasa nimeuacha na tundu lake.
Nauli nimeiweka humo humo ndani,
iwe alamisho.